Rungwe kwa Mgeni: Panga Safari Yako kwa Ratiba ya Jani la Chai

Abiria anayetoka Mbeya kwenda Kyela huiona wilaya ya Rungwe dirishani. Basi likishateremka kutoka milima ya Uporoto, migomba, miparachichi na mashamba ya chai hufuatana pande zote mbili za barabara. Simu zinatoka mifukoni, picha mbili tatu zinapigwa, na muda si mrefu mji wa Tukuyu umeshaachwa nyuma. Abiria huyo atasimulia kwamba chai ameiona, na kweli ameiona. Ila hajui nani anaichuma, inapimwa wapi, inageukaje kutoka jani bichi hadi kikombe chake cha asubuhi, wala kwa nini shamba la jirani limeng'olewa likapandwa parachichi.

Kwa anayetaka kwenda Rungwe akaijua, nina ushauri mmoja, na mengine yote nitakayosema yanautumikia huo: panga safari yako kwa ratiba ya jani la chai lenyewe. Ukilifuata jani, utaamka saa inayofaa, utakutana na watu wanaofaa, na utajua siku ngapi zinakutosha.

Siku ya jani

Mchai ukiachwa ujiotee huwa mti. Mkulima huupogoa ubaki kimo cha kiuno, kisha huchuma machipukizi yake kila baada ya wiki moja hadi mbili, kutegemea mvua na baridi. Wachumaji huingia shambani asubuhi. Mchana majani hupelekwa kwenye kituo cha kununulia, yanapimwa, na lori la kiwanda linayapitia. Usiku hulazwa kiwandani yanyauke. Kesho yake ndipo yanapokatwakatwa, yanapochachuka na kukaushwa.

Kwa hiyo chai unayotaka kuiona ina siku mbili, tena siku yenyewe haitabiriki: mvua ikinyesha sana kazi husogea, lori likichelewa kila kitu huchelewa. Mgeni anayelala usiku mmoja ataona nusu ya mambo. Lala usiku tatu. Nne zikikuwia rahisi, ni bora zaidi.

Nenda lini

Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Hewa yenye unyevu inayotoka upande wa Ziwa Nyasa hupanda milima, hupoa, na kumwaga maji. Sehemu zenye mvua kubwa hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Mei, na nzito kuliko zote ni za Machi hadi Mei.

Hapo ndipo mgeni anapotakiwa kuchagua. Chai huchipua kwa wingi wakati wa mvua, na viwanda huwa na kazi nyingi miezi hiyohiyo ambayo njia za vijijini ni tope. Juni hadi Agosti anga hutulia, milima huonekana vizuri na njia hukauka, lakini baridi hulifanya jani lichipue polepole na huenda ukakuta kiwanda kinafanya kazi siku chache tu kwa wiki. Kama lengo lako ni kupanda milima, nenda Agosti hadi Oktoba. Kama lengo ni chai, ningekushauri Januari au Februari: majani yapo, mvua bado haijafikia ukali wake, na kwenye uwanda wa Kitulo maua yamekwisha kuchanua. Epuka wiki ya mwisho ya Desemba ikiwa hujakata tiketi mapema, kwa kuwa wenyeji wengi wanaoishi mijini hurudi kwao na mabasi hujaa.

Njia ya kufika

Kutoka Dar es Salaam, mabasi huondoka Kituo cha Magufuli, Mbezi, na kupita Morogoro, Mikumi, mlima Kitonga, Iringa, Mafinga na Makambako. Ni safari ya zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya. Yapo mabasi yanayokwenda moja kwa moja Tukuyu na Kyela; yatafute hayo kwanza. Ukipanda linaloishia Mbeya, shuka Uyole. Hapo ndipo barabara ya Tukuyu inapochepuka kwenda kusini, na utajiokolea safari ya kuingia mjini na kutoka. Kosta na haisi za Tukuyu ni nyingi mchana kutwa.

Treni ya TAZARA nayo hufika Mbeya, na anayependa kuiona nchi taratibu ataifurahia, ila ulizia stesheni kama safari zipo, siku na saa, kabla ya kupanga lolote, kwani ratiba hubadilika. Ndege hutua Songwe, upande wa pili wa jiji la Mbeya, na ukungu huweza kuichelewesha. Usipange kuunganisha ndege ya asubuhi na miadi ya siku hiyohiyo.

Kutoka Mbeya hadi Tukuyu ni kama kilomita 70 za lami yenye kona na miteremko. Ukiendesha mwenyewe, fika kabla ya jua kuchwa. Jioni ukungu hushuka ghafla hapo Uporoto, na malori yanayokwenda mpaka wa Kasumulu hayana pa kukupisha.

Baridi si mzaha

Tukuyu ipo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kuelekea Isongole unapanda zaidi. Mtu wa Tanga au Zanzibar anayefika Julai na shati jepesi atateseka, maana usiku joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10, na maeneo ya juu chini ya hapo. Chukua sweta nzito, mzula, soksi, na koti la mvua lisilopenya maji. Mwavuli unafaa mjini, lakini shambani mikono yako inahitaji nafasi. Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli yenye meno. Wenyeji hutumia mabuti ya mvua, na unaweza kuyanunua sokoni Tukuyu badala ya kuyabeba kutoka mbali. Simu na nguo za kubadilisha zitie kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi.

Kwenye nyumba ya kulala wageni, uliza mambo matatu kabla ya kulipa: blanketi ni ngapi, maji ya moto yanapatikana saa ngapi, na chandarua kipo. Mbu wa nyanda za juu ni wachache kuliko wa pwani, lakini malaria ipo, na ukiteremka Kyela au Matema ipo zaidi.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo wote nilio nao. Usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama mwenyeji wako kwa wema wake amekuletea ili upate joto. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha. Inaua watu usingizini, na wanaokufa hivyo mara nyingi ni watu wazima wenye akili zao waliotaka joto kidogo tu. Ota moto jikoni au sebuleni mlango ukiwa wazi, kisha jiko libaki nje. Omba blanketi jingine.

Shambani: unaingia kazini kwa watu

Mashamba makubwa ya kampuni yapo, lakini roho ya chai ya Rungwe ni mkulima mdogo. Shamba lake liko pembeni mwa nyumba, limepakana na migomba, zizi la ng'ombe wa maziwa na kaburi la babu. Hakuna geti, na ndiyo sababu wageni wengi huingia tu na kuanza kujipiga picha katikati ya miti. Usifanye hivyo. Piga hodi nyumbani, salimu, sema umetoka wapi na unataka kuona nini. Shikamoo inatosha kwa wazee, na ukijua kusema "mugonile" utaona sura zikifunguka. Ukiondoka, "ndaga fijo" ni shukrani kamili. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, na Rungwe watu bado wanaliamini hilo. Huwezi kuondoka bila kuwekewa ndizi au kikombe.

Mchumaji hulipwa kwa kilo. Kila dakika unayomsimamisha inapungua kwenye ujira wake, kwa hiyo tembea naye akiwa anachuma, umsikilize akiwa anachuma. Tazama mikono yake. Kidole gumba na cha shahada hukutana chini ya majani mawili na chipukizi, kikonyo kinakatika kwa sauti ndogo, kiganja kinaendelea kushika hadi kijae, kisha mzigo unarushwa kikapuni mgongoni bila kugeuka. Ncha za vidole ni nyeusi kwa utomvu. Ukiomba kujaribu, atakuruhusu. Chuma kidogo, kwa namna aliyokuonyesha, na usikwanyue majani magumu ya chini, kwa sababu yatakataliwa kituoni na hasara ni yake.

Kama shamba limepuliziwa dawa au kutiwa mbolea siku hiyo, usiingie. Picha ya mtu inaombwa kwanza. Ya mtoto huombwa kwa mzazi.

Kituo cha majani

Nikiulizwa mahali pamoja ambapo chai ya Rungwe inaeleweka, nitataja banda la kupimia majani kuanzia mchana. Kwa nje ni paa, sakafu na mizani inayoning'inia. Wakulima hufika na vikapu na magunia kichwani, kwenye baiskeli na kwenye bodaboda, na kitu cha kwanza wanachofanya ni kuyamwaga majani chini na kuyatandaza. Chai iliyoshindiliwa hupata joto yenyewe, ikaanza kuwa nyekundu kabla ya kufika kiwandani, na ubora wake umekwisha. Weka mkono katikati ya gunia lililokaa muda mrefu na utahisi uvuguvugu huo.

Karani hupekua rundo, anatoa majani makavu na vijiti, kisha anapima na kuandika. Wakati wa kusubiri lori ndio wakati wa mazungumzo, na hapa hakuna unayemchelewesha. Uliza bei ya kilo, uliza malipo huchukua muda gani kufika, uliza kwa nini jirani ameng'oa chai. Wengi watakuambia habari za parachichi: katika miaka ya karibuni baadhi ya wakulima wamepunguza chai na kupanda parachichi za kuuza nje, kwa kuwa zinawalipa zaidi. Sikiliza bila kutoa hotuba. Mtu aliyelea shamba la mzazi wake kwa miaka mingi hahitaji kuelezwa na mgeni kwamba chai inapendeza kuitazama.

Kiwandani

Viwanda vinavyosindika chai ya wakulima wadogo vipo Katumba na Mwakaleli, na vipo vingine vya mashamba makubwa. Kutembelea si haki yako, ni hisani. Piga simu au pita ofisini siku moja kabla, uliza kama kiwanda kinasaga, na omba kuingia asubuhi. Mwenyeji wako kijijini akikutambulisha, mambo huwa mepesi zaidi. Siku hiyo usijipulizie manukato wala usipake mafuta yenye harufu kali, kwa kuwa chai hunyonya harufu yoyote iliyo karibu nayo. Vaa viatu vya kufunga, funga nywele, vua bangili na pete, na acha mtandio unaoning'inia. Mashine zile hazijui kidole na jani.

Ndani utaona vitanda virefu vya wavu ambamo majani hulala kwa saa nyingi, hewa ya feni ikipita chini yake, hadi yalainike na kupoteza sehemu kubwa ya maji. Kisha hupita kati ya roli zenye meno zinazoyakata na kuyasokota. Sasa tazama rangi. Unga wa kijani kibichi unaotoka kwenye roli hugeuka shaba mbele ya macho yako kadiri unavyokutana na hewa, na harufu ya majani mabichi hugeuka harufu ya chai. Mtaalamu huchota kiganjani, hunusa, huamua. Akichelewa, chai hupooza. Akiwahi, hubaki na ukakasi. Baada ya hapo hukaushwa hadi unyevu wake uwe takriban asilimia 3, na kuchekechwa kwa madaraja. Kilo moja ya chai kavu huhitaji kilo nne hadi tano za majani mabichi. Na mikaratusi uliyoiona ikiwa imepandwa karibu na mashamba, mingi ni kuni za boila ya kukaushia.

Ukipata siku ya ziada

Majaribio ya mwanzo ya chai nchini yalifanyika zama za Wajerumani, Amani huko Usambara na Kyimbila hapa Rungwe, mwanzoni mwa karne ya 20. Tukuyu yenyewe Wajerumani waliiita Neu Langenburg. Wamisionari wa Moravian walijenga kituo chao Rungwe mwaka 1891, na mpenzi wa historia atapata mengi kule.

Karibu na Kiwira kuna Daraja la Mungu, mwamba wa lava uliojijenga juu ya Mto Kiwira, na Kijungu, ambapo mto huohuo hujitosa kwenye shimo la jiwe lenye umbo la chungu. Eneo hilo lina Chuo cha Magereza: jitambulishe, fuata maelekezo, na usipige picha ya majengo wala watumishi. Kingo ni telezi na mto una nguvu, kwa hiyo watoto washikwe mkono.

Ziwa Ngosi, ndani ya kasoko ya milima ya Uporoto, hufikiwa kwa kuanzia Isongole. Njia hupita msituni, hupanda kwa ukali mwishoni, na mvua ikinyesha huwa utelezi mtupu. Chukua mwongozaji, beba maji, anza asubuhi, na uridhike na kuliona ziwa kutoka ukingoni. Kuteremka hadi majini ni hatari. Mlima Rungwe, wenye karibu mita 2,960, hupandwa na kushukwa kwa siku moja na mtu mwenye pumzi. Kwenye msitu wake watafiti walimtambua kipunji mwaka 2003, kima ambaye wawindaji wa huko walikuwa wakimsimulia siku zote, na sayansi ikamtangaza mwaka 2005. Usiende kwa matumaini ya kumwona. Ni mwoga na wachache wamebaki.

Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005 iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya maua, hufikiwa kwa barabara inayochepukia Isyonje. Ni juu zaidi na baridi zaidi. Iweke kwenye ratiba kati ya Desemba na Aprili, kwa gari lenye nguvu.

Fedha na chakula

Beba noti ndogo. Malipo ya simu yanakubalika sehemu nyingi, lakini mama anayeuza ndizi barabarani hana chenji ya elfu kumi. Viingilio vya hifadhi na misitu ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo, dai risiti. Mwongozaji wa kijijini mlipe mkononi, mkubaliane bei kabla ya kuondoka, na usimkandamize kwa sababu tu amekosa wateja wengine siku hiyo. Bodaboda ni msaada mkubwa, ila kwenye udongo mwekundu uliolowa mwambie apunguze mwendo, na sehemu ya mteremko mkali shuka utembee.

Kula cha pale. Ndizi za kupika na maharage au nyama, maziwa mtindi, viazi mviringo vya Uporoto, parachichi linalokatwa kwa kisu mlangoni kwa mwenye mti. Kwenye mgahawa, omba chai ya rangi bila viungo angalau mara moja, ili ulijue jani lenyewe kabla ya tangawizi na iliki.

Kununua chai

Nunua chai kule, kiwandani wanapouza rejareja au dukani Tukuyu. Pendelea pakiti yenye tarehe ya kufungwa na jina la mahali ilikotoka. Mimina kidogo kiganjani: chembe ziwe za ukubwa unaolingana, nyeusi zenye mng'ao, zisizo na vumbi jingi wala nyuzi nyekundu za vijiti. Nyumbani itie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, mbali na jua na mbali kabisa na mdalasini, vitunguu na sabuni. Maji yachemke kweli kabla ya kuyamimina, na usiiache chai jikoni ikitokota robo saa nzima. Uchungu unaoulalamikia mara nyingi umeutengeneza mwenyewe.

Na ukishajua kilo moja kavu imetoka kwenye kilo ngapi za majani, na kila kilo imetoka kwenye machipukizi mangapi ya mkono mmoja, angalia upya unavyonunua. Muulize mwenye duka mtaani kwako chai yake imelimwa wapi. Chagua ya wakulima wetu hata ikizidi bei kidogo. Zao hili litaendelea Rungwe ikiwa tu anayelichuma anaona faida ya kuamka asubuhi, na kwa hilo pochi ya mnywaji wa Dodoma au Mwanza ina neno kubwa kuliko picha elfu za watalii. Nenda, kaa, lipa kwa haki, na ukirudi endelea kuinunua.